Yuko nyumbani, lakini yuko kazini: afya ya anayefanya kazi kwa kompyuta wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia Afrika Mashariki, walezi wengi waliona jambo ambalo hawakulizoea. Kijana aliyesomeshwa akapata kazi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, alirudi nyumbani na begi moja na kompyuta mpakato. Asubuhi hakwenda shambani wala ofisini. Alikaa chumbani, akatoka mchana kula, akarudi ndani. Usiku wa manane mwanga ulikuwa bado unaonekana chini ya mlango wake. Mama akajiuliza: huyu anafanya kazi kweli, au ana maradhi, au amefukuzwa na anaona aibu kusema?

Makala hii inaeleza siku ya mtu wa namna hiyo inavyokwenda, inaufanya nini mwili wake, na wewe mlezi unaweza kusaidia vipi bila kujichosha. Imeandikwa kwa ajili ya mama wa kata kama Kasekese, hapa kwetu Katavi, mwenye mtu kama huyo nyumbani. Imeandikwa pia kwa ajili ya mama ambaye yeye mwenyewe anatafuta kipato akiwa nyumbani huku analea. Milipuko haikuisha na UVIKO-19. Mkoa wa Kagera ulipata ugonjwa wa Marburg mwezi Machi 2023, na tena Januari 2025. Siku nyingine itatufika sisi, na ni vizuri itukute tunajua la kufanya.

Ilikuwaje kazi ikahamia nyumbani

Tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi, na Tanzania tarehe 16 Machi. Tarehe 15 Machi, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule za Kenya zianze kufungwa, na akawahimiza waajiri wawaruhusu watu wao wafanyie kazi nyumbani pale inapowezekana. Tanzania ilifunga shule kuanzia tarehe 17 Machi, lakini haikuwafungia watu ndani. Shamba na soko viliendelea. Vyuo na kidato cha sita vilirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Uganda ilichukua muda mrefu zaidi: shule zilifunguliwa zote Januari 2022, karibu miaka 2 baadaye.

Muuguzi hawezi kuhamishia wodi nyumbani, wala dereva wa basi hawezi kuendesha akiwa sebuleni. Lakini mwandishi wa programu za kompyuta anaweza, kwa sababu anachohitaji ni kompyuta, umeme na mtandao. Kampuni ya Andela, iliyokuwa na waandishi wa programu Nairobi, Kampala na Kigali, iliachana na majengo ya ofisi mwaka huohuo, na watu wake wakafanyia kazi majumbani.

Kazi yenyewe ni ipi?

Programu ni maelekezo yanayoandikwa hatua kwa hatua ili simu au kompyuta ijue la kufanya. Unapotuma pesa kwa simu, kuna mtu aliyeandika: kwanza hakikisha namba ya siri, kisha angalia salio, kisha punguza huku, ongeza kule, halafu tuma ujumbe. Akikosea mstari mmoja, pesa ya mtu inakwama.

Ni kazi inayofanana na kusuka mkeka. Ukiruka ukili mmoja hutaona papo hapo. Utaona ukishakwenda mbele, na hapo itabidi ufumue urudi nyuma. Ndiyo maana unamkuta ametazama kioo dakika 20 bila kugusa kitu. Si uvivu, na hajalala macho wazi. Anatafuta alikoruka.

Kulijua hilo kunapunguza ugomvi nyumbani. Mtu anayekatishwa kila baada ya dakika chache hurudi mwanzo, na kazi ya saa 2 inakuwa ya saa 4. Saa hizo 2 za ziada atazitoa kwenye usingizi wake.

Siku inavyokwenda

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 27, anayeandika programu kwa kampuni ya mjini, aliyekuja kukaa kwa mama yake wakati wa mlipuko.

Saa 1 asubuhi anaamka, anaamkia, anakunywa chai haraka. Saa 2 anawasha kompyuta na kuangalia ujumbe wa usiku. Saa 3 kuna kikao cha kila siku kwa simu au video: kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na amekwama wapi. Kuanzia saa 4 hadi saa 7 anaandika. Huu ndio muda wake bora, na ndio muda ambao watoto wanacheza uani, redio inalia kwa jirani na mtu anabisha hodi kuomba chumvi.

Saa 7 mchana anakula, mara nyingi mbele ya kioo. Mchana mtandao unasumbua au umeme unakatika, naye anasubiri. Jioni vyote vikirudi anafidia muda uliopotea. Kama anafanya kazi na watu wa Marekani, saa 11 jioni kwetu ndipo New York ni saa 3 au saa 4 asubuhi. Wenzake ndiyo kwanza wanaingia kazini. Anakaa nao hadi saa 4 au saa 5 usiku.

Ukijumlisha, mtu huyu amekaa kwenye kiti saa 10 au zaidi. Ametembea kutoka chumbani hadi chooni na hadi mezani. Huko mjini angetembea hadi kituo cha daladala, angepanda ngazi, angetoka kwenda kula. Hata safari ya kuchosha ya kwenda kazini ilikuwa inaufanyisha mwili mazoezi. Sasa imeondoka, na hakuna kilichoshika nafasi yake.

Macho

Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, na kila akipepesa anayalainisha. Akitazama kioo, kupepesa kunapungua sana, hata kufikia nusu. Macho yanakauka, yanawasha, yanakuwa mekundu na kuona kunafifia jioni. Kichwa nacho kinauma.

Kioo hakipofui. Kinachochoka ni misuli ya jicho inayotazama karibu muda mrefu. Kila baada ya dakika 20, ainue macho atazame kitu kilicho mbali kama hatua 8 au 9, kwa muda wa kuhesabu hadi 20. Mti wa uani unatosha. Kompyuta aiweke umbali wa mkono ulionyooshwa, na dirisha liwe ubavuni, si nyuma ya kioo wala nyuma ya mgongo wake.

Usimwekee maziwa ya mama, maji ya majani wala dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine. Vinaweza kuingiza vijidudu. Kama haoni vizuri hata baada ya kupumzika, au jicho linauma na kutoa usaha, apelekwe kituo cha afya.

Mgongo, shingo na mikono

Kuinamia kompyuta iliyo mapajani, juu ya kitanda, ndiko kunakoumiza zaidi. Kichwa ni kizito, na kadiri kinavyoinama mbele ndivyo misuli ya shingo inavyovuta zaidi kukishikilia.

Huhitaji samani ya bei. Kiti cha plastiki na meza ya kulia vinatosha ukifanya hivi:

- Kunja kanga au taulo, weka nyuma ya kiuno ili mgongo upate mahali pa kuegemea.
- Nyayo zikanyage chini. Kama hazifiki, weka tofali au ubao.
- Viwiko vikae karibu na mwili, na viganja visikunjwe kwenda juu anapochapa.
- Asimame kila nusu saa, hata kwa dakika 2.

Maumivu ya mgongo ya kukaa hupungua mtu akitembea. Kulala kitandani siku nzima huyazidisha. Lakini maumivu yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi, au mtu akishindwa kuzuia mkojo au choo, ni dharura. Hayo hayasubiri kuchuliwa.

Damu kwenye miguu

Misuli ya miguu husaidia kusukuma damu irudi moyoni. Mtu akikaa saa nyingi bila kuitumia, damu hutuama, na kwa baadhi ya watu huganda ndani ya mshipa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua karibuni na kwa mtu aliyelazwa kwa ugonjwa mzito, UVIKO-19 ikiwemo.

Dalili ni mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto kuliko mwingine. Usiukande wala usiuchue mguu huo, maana bonge la damu linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu. Peleka mtu hospitali. Akianza kukosa pumzi ghafla au kifua kikimchoma, usingoje kupambazuke.

Kinga ni kutembea na kunywa maji. WHO inashauri mtu mzima apate mwendo wa kutoa jasho kidogo kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku, kwa siku 5. Mtume akachote maji kabla ya saa 2 asubuhi. Mpe jembe la bustani saa 11 jioni. Hapo umemsaidia yeye, na amekusaidia wewe.

Chakula

Mama humpenda mtoto kwa sahani. Lakini mtu anayelima kutwa anaunguza chakula chake, na anayekaa kutwa hakiunguzi. Ukimpa anayekaa ugali ule ule wa mkulima, pamoja na soda ya kumpa nguvu ya kazi, baada ya miezi michache utaona uzito na shinikizo la damu vinapanda.

Punguza ugali au wali kwenye sahani yake, ongeza mboga: matembele, kisamvu, mchicha. Maharage, dagaa au migebuka ni kitoweo kizuri. Embe au papai lichukue nafasi ya biskuti. Weka chupa ya maji safi ya kunywa mezani kwake, mbali na kompyuta. Na ale mezani pamoja na wengine. Dakika 20 za kula na familia ni mapumziko ya macho, ya mgongo na ya moyo.

Usingizi na saa za kazi

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Mwanga mkali wa kioo usiku huudanganya ubongo kwamba bado ni mchana, hivyo usingizi unachelewa. Kahawa ya saa 2 usiku inamalizia.

Hili si jambo la uchovu tu. Mwezi Mei 2021, WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa matokeo ya uchunguzi wao: watu wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17, kuliko wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Mashirika hayo yalikadiria kwamba mwaka 2016 pekee watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyotokana na saa ndefu za kazi.

Ofisini mlinzi hufunga geti. Nyumbani hakuna geti, kwa hiyo familia iwe geti. Kubalianeni saa ya kufunga kompyuta. Kama ana kikao cha usiku na watu wa ng'ambo, basi asubuhi yake ianze kwa kuchelewa, na nyumba ijue hivyo ili asiamshwe alfajiri kwa sauti ya "mvivu amka".

Moyo unapokuwa mzito

Mtu aliyezoea wenzake akabaki peke yake na kioo, huku kila ujumbe ukileta habari za wagonjwa na vifo, huweza kuugua moyoni. Machi 2022, WHO ilieleza kuwa katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19 wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25.

Angalia dalili hizi zikidumu zaidi ya wiki 2: huzuni karibu kila siku, kukosa hamu ya vitu alivyovipenda, kutolala au kulala kupita kiasi, kutokula, hasira za ghafla, kunywa pombe kuliko zamani, au kusema maneno kama "bora nisingekuwepo". Maneno ya mwisho hayo yachukue kwa uzito wake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo jipya, kunampa mlango wa kusema. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa za kuulia wadudu za shambani na kamba, na mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huduma ya afya ya akili ni huduma kama nyingine. Si kurogwa, wala si kukosa imani.

Kwa siku za kawaida, msaada wa mlezi ni mdogo na una nguvu: kumuuliza "leo kazi imekuaje, mwanangu?" na kusikiliza jibu, hata kama nusu ya maneno yake huyaelewi.

Kama mfanyakazi ni mama mwenye mtoto mchanga

Hapa ndipo mzigo unapokuwa mzito zaidi. Mwanamke anayefanya kazi nyumbani huonekana yupo tu. Mtoto akilia anaitwa yeye, mgeni akija anaitwa yeye, jikoni ni yeye. Anafanya kazi mbili ndani ya siku moja, na ya pili anaifanya watu wakilala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inampa pia hadi saa 2 za kunyonyesha ndani ya saa za kazi kila siku. Kufanya kazi nyumbani hakufuti haki hiyo. Aseme na mwajiri mapema, na saa hizo ziandikwe kwenye ratiba yake.

Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila maji wala uji. Kama mama ana kikao kirefu, akamue maziwa kwenye chombo kisafi chenye mfuniko. Nje ya friji yasikae zaidi ya saa 4, na kwenye joto kali yatumike mapema zaidi. Anayebaki na mtoto ampe kwa kikombe kisafi, si kwa chupa ya chuchu, maana chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuhara.

Mama akiwa na UVIKO-19 aendelee kunyonyesha. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, na avae barakoa anapomnyonyesha. Mtoto mwenyewe asivalishwe barakoa. Anaweza kukosa pumzi.

Watoto wadogo na vifaa vya kazi

Nyumba iliyogeuka ofisi ina hatari mpya kwa anayetambaa. Nyaya za kuchajia zisining'inie, kwa sababu mtoto huvuta kompyuta ikamwangukia, au hutafuna waya wenye umeme. Soketi ziwe juu au zizibwe. Chai ya moto isiwekwe ukingoni mwa meza.

Ogopa zaidi betri ndogo za duara, zile bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa 2 tu. Usimtapishe. Kimbia hospitali ukiwaambia ni betri.

Na tusitumie simu kama yaya. WHO inashauri mtoto chini ya mwaka 1 asitazamishwe kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku. Kijiko, sufuria na mchanga wa uani vinamfundisha mengi zaidi.

Akija na ugonjwa kutoka mjini

Anayerudi nyumbani wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa njia ya hewa anaweza kuwa amebeba maambukizi bila kujijua. Kwa UVIKO-19, dalili huweza kuchelewa hadi siku 14. Bibi na babu, na wenye kisukari, shinikizo la damu au pumu, ndio wanaoumia zaidi. Kumtenga kidogo si kumchukia. Mweleze hivyo tangu siku ya kwanza.

- Apate chumba chake kama kipo. Kama hakipo, kitanda chake kikae karibu na dirisha lililo wazi.
- Avae barakoa anapokuwa karibu na wazee, na maongezi yafanyike nje barazani.
- Weka kibuyu chirizi na sabuni mlangoni. Kila anayeingia anawe, asugue na vidoleni.
- Vyombo vyake vioshwe kwa sabuni. Havihitaji kutupwa wala kuchomwa.

Homa isichukuliwe moja kwa moja kuwa ugonjwa wa mlipuko. Kwetu Katavi malaria ipo mwaka mzima, na inaua. Mwenye homa apimwe malaria kwanza kwa kipimo cha haraka kwenye zahanati au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Dawa za kuua bakteria haziui virusi, kwa hiyo usizinunue dukani kwa kubahatisha. Kujifukiza hakuui virusi vilivyo mwilini, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi limewaunguza wengi. Mtoto asifukizwe kabisa.

Jambo jingine: mlipuko usikatishe kliniki. Mwaka 2020, kwa mujibu wa WHO na UNICEF, watoto milioni 23 duniani walikosa chanjo za msingi walizopaswa kupata kwenye kliniki. Surua haingoji janga lingine liishe. Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9, na tena miezi 18. Angalia kadi ya mtoto leo.

Na wewe uliyefanya kazi nyumbani siku zote

Wengi wetu hapa Kasekese hatukungoja mwaka 2020 kuanza kufanya kazi nyumbani. Mama anayeshona kwa cherehani barazani, anayemenya karanga za kuuza, anayeamka saa 10 usiku kukanda unga wa maandazi, naye ni mfanyakazi wa nyumbani. Mwili wake unaumia palepale: macho kwa mwanga hafifu, mgongo kwa kuinama, miguu kwa kukaa, usingizi kwa kukatishwa. Ushauri wote ulio juu ni wake pia. Simama kila nusu saa. Weka kanga nyuma ya kiuno. Tazama mbali. Karanga zisiachwe chini mtoto wa chini ya miaka 5 anapotambaa, maana humpalia.

Na kama nyumbani yupo kijana wa kompyuta, mama asigeuke mtumishi wake. Kazi yake ni kazi, na yako ni kazi. Kaeni chini mara moja kwa wiki mgawane: nani anachota maji, nani anaosha vyombo usiku, saa ngapi nyumba inakaa kimya, saa ngapi kompyuta inafungwa. Kijana wa kiume anayeweza kuandika programu anaweza pia kufua shuka zake na kumbeba mpwa wake wakati dada yake yuko kwenye kikao.

Usisubiri ukiona haya

Kwa mtu mzima: kupumua kwa shida, maumivu makali ya kifua, kuchanganyikiwa, midomo kuwa ya bluu, mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kutaka kujidhuru.

Kwa mtoto: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea na kutoamka, kupumua haraka au kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi.

Dalili yoyote kati ya hizo, nenda kituo cha afya kilicho karibu mara moja, usiku au mchana. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, piga 115 bila malipo uombe usafiri wa dharura. Kwa maswali ya afya wakati wa mlipuko, piga 199, nayo ni bure. Ziandike namba hizo mbili kwa chaki nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto wa shule ataziona na kuzipiga.